Picha za Sumaku na Tiba ya Chembe Shina katika Maradhi ya Mielini

Neva hupeleka habari mwilini kwa nyuzi nyembamba. Nyingi ya nyuzi hizo zimevikwa utando wa mafuta na protini uitwao mielini. Neno ala, litumikalo kwa mfuko wa kisu au upanga, lafaa kuutaja utando huo: ala ya mielini huuzunguka uzi wa neva, huulinda, na huharakisha mwendo wa habari. Katika ubongo na uti wa mgongo, ala hiyo hutengenezwa na chembe ziitwazo oligodendrositi.

Maradhi yanayoiharibu ala hii ni ya namna nyingi. Katika ugonjwa wa Pelizaeus-Merzbacher, unaowapata hasa wavulana, kasoro ya urithi huzuia mielini isiundike ipasavyo tangu utotoni. Katika sklerosisi, kinga ya mwili huishambulia ala iliyokwisha kuundwa. Kutokana na hali hizo lilizuka wazo la kupandikiza chembe shina, yaani chembe changa ziwezazo kukua na kugeuka oligodendrositi.

Lakini chembe zikishaingizwa mwilini hazionekani kwa macho. Je, zimefika zilikotumwa? Swali hili si dogo. Mwaka 2005, watafiti wa Uholanzi waliokuwa wakitibu saratani ya ngozi kwa chembe za kinga walitia chuma kidogo ndani ya chembe hizo, kisha wakapiga picha kwa mashine ya sumaku. Ilidhihirika kwamba katika nusu ya wagonjwa wanane chembe hazikuingia katika tezi iliyokusudiwa, ingawa sindano iliongozwa kwa mawimbi ya sauti. Bila picha, kushindwa kwa sindano kungaliweza kudhaniwa kuwa ni kushindwa kwa dawa.

Njia hiyo ya chuma ilikwisha kujaribiwa katika mielini. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya panya waliokosa mielini: chembe zilizotiwa chuma zilipandikizwa katika uti wa mgongo, na picha zikaonyesha jinsi zilivyosambaa. Hata hivyo chuma kina udhaifu wake. Chembe ikigawanyika, alama hupungua. Ikifa, chuma chake huweza kumezwa na chembe nyingine, nayo picha ikaendelea kuonyesha doa jeusi mahali pasipo na chembe iliyopandikizwa.

Kwa hiyo hutumika pia njia ya pili, ya kupima mwendo wa maji. Ndani ya sehemu nyeupe ya ubongo, maji hupita kwa wepesi kwa kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikata. Mielini ikipungua, tofauti hiyo nayo huelekea kupungua. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya wavulana wanne wenye ugonjwa wa Pelizaeus-Merzbacher, waliopandikizwa chembe shina za neva huko San Francisco, Marekani. Vipimo vya maji vilionyesha dalili zinazoafikiana na mielini mpya, na watatu kati yao walipata nafuu ndogo. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganishia, na ubongo wa mtoto hubadilika kwa kukua kwenyewe.

Basi picha humwongoza tabibu, wala haimwondolei wajibu wa kupima. Humwonyesha mahali pa kuelekeza sindano na mabadiliko yanayofuata. Ama nafuu yenyewe, hiyo hupimwa kwa mgonjwa.