Nyumba kongwe ya Uskoti iliyohifadhiwa na mikosi ya wenyewe

KATIKA bonde la mto Tweed, kusini mwa jiji la Edinburgh nchini Uskoti, kuna lango la chuma ambalo halipitwi na mtu. Nguzo zake mbili zimebeba sanamu za dubu, na njia pana iliyokusudiwa kwa magari ya farasi sasa ni uwanja wa nyasi. Wageni wanaozuru nyumba ya Traquair, iliyo upande wa pili wa nyasi hizo, huzungukia njia ya kando.

Inasimuliwa kwamba lango hilo lilifungwa mwaka wa 1745, baada ya mwanamfalme Charles Edward Stuart kupita hapo akielekea kuipigania taji iliyopokonywa babu yake. Mwenye nyumba aliapa kwamba halitafunguliwa mpaka mtu wa ukoo wa Stuart atawazwe tena. Mwaka uliofuata jeshi la mwanamfalme huyo lilivunjwa huko Culloden, na ukoo wake haukurejea kamwe kwenye kiti cha enzi.

Kisa cha lango hupendwa na watalii. Hata hivyo, anayetaka kuielewa Traquair hana budi kuzitazama kuta zake.

Nyumba hii haikujengwa kwa mpango mmoja. Mahali hapa palikuwa makao ya wafalme wa Uskoti walipokuja kuwinda, na mfalme Alexander wa Kwanza alitia sahihi hati hapa mwaka wa 1107. Sehemu kongwe zaidi ya jengo la leo ni mnara ulioko pembeni: kuta nene za mawe, madirisha madogo, ngazi nyembamba ya kujizungusha. Huo ulikuwa ujenzi wa watu waliolala wakiwa na hofu, kwani mpaka wa Uingereza hauko mbali, na wanyang'anyi wa pande zote mbili walivuka usiku kuiba ng'ombe. Chini kuna chumba chenye dari ya kuba la mawe ambamo mifugo iliswagwa kila ilipopigwa mbiu ya hatari.

Mwaka wa 1478 kabaila mmoja, Earl wa Buchan, aliinunua Traquair kutoka kwa mwanamuziki wa ikulu kwa merk 70, sarafu ya Uskoti wakati huo. Ilikuwa bei ya kutupa hata kwa enzi hizo. Mwaka wa 1491 alimpa mwanawe, James Stuart, ambaye naye aliuawa kwenye vita vya Flodden mwaka wa 1513. Warithi wake waliendelea kuongeza vyumba kando ya mnara, kimoja baada ya kingine, kadiri mfuko ulivyoruhusu.

Matokeo yake yanaonekana wazi kwa anayesimama uani. Madirisha ya mbele hayalingani kwa ukubwa wala kwa nafasi baina yake. Fundi wa leo angeona aibu kukabidhi kazi ya namna hiyo, lakini kila dirisha lisilolingana na mwenzake linaonyesha mahali ambapo kizazi kimoja kiliachia kingine.

Aliyejitahidi kuipa nyumba sura moja ni John Stewart, Earl wa kwanza wa Traquair, mweka hazina mkuu wa Uskoti chini ya Mfalme Charles wa Kwanza. Katika miaka ya 1640 alikamilisha orofa ya juu na paa lake lenye mteremko mkali. Isitoshe, aliuhamisha mto. Tweed ulipita chini kabisa ya madirisha, hata inasemekana mwenye nyumba aliweza kuvua samaki bila kutoka chumbani, lakini maji hayo hayo yalitishia msingi. Earl akachimbisha mkondo mpya mbali na nyumba.

Mtu aliyeweza kusogeza mto hakuweza kuzuia anguko lake. Mfalme wake alikatwa kichwa mwaka wa 1649, naye Earl alifungwa na Waingereza na kufa fukara mwaka wa 1659.

Warithi wake walishika Ukatoliki katika nchi iliyokuwa imeupiga marufuku, na msimamo huo ukawafungia milango ya vyeo na mapato. Misa ilisomwa kwa siri katika chumba kilichoko juu kabisa, chenye ngazi iliyofichwa nyuma ya kabati ili padri apate kutoroka askari wakija kupekua. Mavazi ya ibada yalishonwa kwa kitambaa cheupe kilichoweza kutandazwa kitandani kama shuka.

Mnamo 1695 msanifu James Smith aliombwa kuchora mabawa mawili ya kando na baraza ya bustani. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa ya mwisho. Wakati huo huo makabaila waliokubaliana na serikali walikuwa wakijenga kwa fahari. Hopetoun, magharibi mwa Edinburgh, ilianza kujengwa na Sir William Bruce mwaka wa 1699. Kufikia 1721 mwenyewe alikwisha kumwita William Adam aipanue, na uso wa Bruce wa upande wa mashariki ukamezwa na ule mpya. Traquair haikupata bahati hiyo, na pengine afadhali. Earl wake wa tano alitiwa gerezani katika Mnara wa London kwa kumuunga mkono mwanamfalme aliyeshindwa. Familia ya namna hiyo haikuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya.

Ndiyo maana kuta za karne ya 16 bado zimesimama. Yapata mwaka wa 1900, karatasi ya ukutani ilipobanduliwa katika chumba cha juu, ulionekana mchoro wa wanyama na mizabibu uliochorwa yapata 1530. Nyumba yenye tajiri wa kuirembesha kila kizazi ingeupoteza mchoro huo mapema.

Earl wa mwisho alifariki mwaka wa 1861 bila mtoto, cheo kikafa naye. Dadake, Lady Louisa, aliishi humo hadi 1875, ndipo nyumba ikamwendea binamu wa ukoo wa Maxwell, ambao wazao wake wangali humo. Mmoja wao, Peter Maxwell Stuart, aligundua mitambo ya kale ya kupikia bia chini ya kanisa dogo katika bawa moja la Smith, akaifufua mwaka wa 1965. Pamoja na viingilio vya wageni, mauzo ya bia husaidia kulipia ukarabati.