Mstari Unaomezwa na Kivinjari

Juzi nilitengeneza kiungo cha barua pepe. Mteja akikibofya, programu yake ya barua inafunguka na anakuta fomu fupi imeshaandaliwa: jina, simu, mzigo. Kwenye faili langu kila kimoja nilikiweka mstari wake. Nikajaribu kubofya. Kikatoka hiki: "Jina:Simu:Mzigo:", vimegandana kama tende za kikapuni.

Kivinjari hakikukosea. Kanuni za anwani za intaneti zinakiagiza kufuta kila alama ya mstari mpya kinayoikuta ndani ya anwani. Ndiyo maana anwani ndefu iliyovunjika katikati kwenye faili bado hufunguka. Nacho kiungo kinachoanza na mailto: huhesabiwa kuwa anwani kama nyingine yoyote.

Mstari ukitaka kupita, lazima uvae msimbo. Kanuni ya viungo vya mailto, RFC 6068 ya mwaka 2010, inataka %0D%0A. Alama sita nzima, kuruka mstari mmoja tu! Ndani yake mna namba mbili zilizoandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, yaani 13 na 10.

Kwa nini mbili? Asili yake ni teleprinta, mashine zilizochapa ujumbe uliokuja kwa waya. Mwisho wa mstari zilikuwa na kazi mbili: kurudisha kichwa cha kuchapia kushoto, na kupandisha karatasi. Kila kazi ilikuwa na ishara yake, ndizo hizo 13 na 10. Ukisahau kupandisha karatasi, mstari mpya unachapwa juu ya ule wa kwanza. Ukisahau kurudisha kichwa, maneno yanashuka kama ngazi. Tena Teletype Model 33 ilichapa herufi 10 kwa sekunde, na kichwa hakikuwahi kufika kushoto ndani ya muda wa herufi moja. Ishara ya pili ilikipa nafasi ya kufika.

Kompyuta zilipozirithi ishara hizo, Unix ikabaki na 10 peke yake, Macintosh za zamani zikashika 13, Windows ikabeba zote mbili. Barua pepe nayo inadai zote mbili hadi leo. Ukituma %0A tu, programu nyingi zitakusamehe, ila mimi kwenye fomu ya biashara sitegemei msamaha.

Nafasi kati ya maneno nayo ina mtego wake: iandike %20. Ukiweka alama ya kujumlisha, kama ilivyozoeleka kwenye fomu za tovuti, mteja anaweza kusoma "Habari+za+leo".

Kiungo changu sasa kinaishia hivi: body=Jina:%0D%0ASimu:%0D%0AMzigo: