BASIC bila kulipia: jinsi ya kuchagua zana itakayodumu

Bado zipo ofisi, maduka na shule zinazotunza hesabu zao kwa programu ya BASIC iliyoandikwa miaka ya 1990. Programu inajua bei, madeni na majina ya wateja, na hufanya kazi bila lawama mpaka siku kompyuta ya zamani inapokufa. Inanunuliwa mpya, faili zinahamishwa, na programu inagoma kufunguka. Kinachoizuia kinajulikana: Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS za biti 16, na Windows 11 inatolewa kwa biti 64 tu. Aliyeiandika programu pengine amekwisha kustaafu. Kompaila aliyoitumia, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa programu inayojiendesha, haiko tena sokoni. Fundi anayeitwa anashauri kila kitu kiandikwe upya kwa lugha nyingine, na gharama yake inamkatisha tamaa mwenye duka.

Kabla ya kufika huko, inafaa kujua kwamba sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na zana za BASIC za kuuzwa leo inafanywa na zana zisizolipiwa. Ziko nyingi, na wingi wenyewe huchanganya. Anayetafuta ajiulize maswali mawili. Kwanza, zana hii inaielewa lahaja ya BASIC niliyonayo? Pili, anayeitengeneza akiondoka, nani ataiendeleza? Swali la pili husahaulika sana, na kwangu mimi ndilo zito zaidi.

Lugha iliyoanza bila bei

John Kemeny na Thomas Kurtz waliianzisha BASIC mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, New Hampshire, Marekani. Walitaka wanafunzi wa fani zote waweze kutumia kompyuta, wakiwemo wale wa historia na fasihi, na chuo kiliwaruhusu kuitumia bila malipo. Bei ilikuja mwaka 1975, Bill Gates na Paul Allen walipoandika BASIC ya kompyuta ndogo ya Altair na kuanza kuiuza. Wapenzi wa kompyuta wa California wakanakili utepe wa karatasi uliobeba programu hiyo na kugawiana. Februari 1976 Gates akawaandikia barua ya wazi, akisema wengi wao wanaiba programu.

Malalamiko yake yalikuwa na msingi, lakini jibu lililozaa matunda halikuwa wizi. Lilikuwa Tiny BASIC, lugha ndogo iliyotosha kwenye kilobaiti 4 za kumbukumbu au chini ya hapo, ambayo maelezo na msimbo wake vilichapishwa ili kila mwenye kompyuta aijenge mwenyewe. Tom Pittman aliuza ya kwake kwa dola 5. Li-Chen Wang alitoa ya kwake mwaka 1976 akiruhusu watu wainakili watakavyo. Zana za bure tutakazozitaja hapa zimefuata njia hiyo: badala ya kuvunja kufuli la mwenzako, unajenga mlango wako na kuuacha wazi.

Jua kwanza lahaja yako

Msemaji wa Kimvita na wa Kiunguja huelewana sokoni bila shida, lakini mmoja akilisahihisha shairi la mwenzake kwa lahaja yake mwenyewe, mizani na vina vitaharibika. BASIC nazo ziko hivyo. PRINT na IF zinafanana karibu kila mahali. Tofauti inajificha kwenye aina za namba, muundo wa faili na namna ya kuchora skrini, na hapo ndipo programu inapoharibikia.

Ikiwa msimbo wako una namba mwanzoni mwa kila mstari, 10, 20, 30, yaelekea ni wa GW-BASIC, lahaja ya Microsoft ya enzi za DOS. Anza na PC-BASIC, programu huria, yaani yenye msimbo ulio wazi kwa wote, inayoiga GW-BASIC kwa makini na kuendesha faili zake kwenye kompyuta za leo. Kuna mtego mmoja hapa. GW-BASIC ilihifadhi programu kwa mfumo wake uliobanwa, hivyo ukiifungua faili kwa kihariri cha kawaida utaona alama zisizosomeka na kudhani imeharibika. Ifungue ndani ya PC-BASIC, kisha andika `SAVE "DUKA",A`. Herufi A ya mwisho huamuru faili ihifadhiwe kama maandishi ya kawaida, ambayo zana yoyote itaweza kuyasoma. QuickBASIC 4.5 nayo ilikuwa na mfumo wake wa kuhifadhi kwa kasi wenye tatizo hilohilo. Ukiwa bado unayo mashine inayoifungua, hifadhi upya kila faili kama maandishi kabla mashine haijafa.

Urithi wa QBasic na QuickBASIC

Microsoft iliitoa QBasic pamoja na MS-DOS 5.0 mwaka 1991, na vijana wengi walijifunza programu kwayo. Iliweza kuendesha programu, lakini haikuweza kutengeneza faili ya EXE inayojitegemea. Aliyeitaka alinunua QuickBASIC. Leo kazi hiyo ya kulipia inafanywa bure na zana mbili.

Ya kwanza ni QB64, ambayo sasa inaendelezwa kwa jina la QB64 Phoenix Edition. Kihariri chake kimefanana na skrini ya QBasic, na lengo lake ni kuendesha programu za QuickBASIC zilivyo. Kwa ndani hugeuza BASIC kuwa C++ na kuikabidhi kwa kompaila ya C++ itengeneze programu ya Windows, Linux au macOS. Ya pili ni FreeBASIC, iliyoanza mwaka 2004, kompaila yenye nguvu ambayo yenyewe imeandikwa kwa FreeBASIC. Inakwenda mbali kuliko QuickBASIC, na kwa sababu hiyo lahaja yake ya kawaida imeachana na ya zamani katika mambo kadhaa.

Tuangalie moja kwa karibu. Chukua duka lililohifadhi bidhaa zake kwenye faili kwa rekodi ya namna hii:

```
TYPE Bidhaa
  namba AS INTEGER
  idadi AS INTEGER
  bei AS LONG
END TYPE
```

Katika QuickBASIC, INTEGER huchukua baiti 2 na haipiti 32,767. Ndiyo maana mwandishi aliiweka bei kwenye LONG: mfuko wa bidhaa wa shilingi 45,000 usingeingia kwenye INTEGER. Rekodi nzima ina baiti 2, 2 na 4, jumla 8. Ukiipeleka programu hii kwenye FreeBASIC kwa lahaja yake ya kawaida, INTEGER inakuwa baiti 4 kwenye kompaila ya biti 32 na baiti 8 kwenye ile ya biti 64. Rekodi iliyokuwa ya baiti 8 sasa ina 12 au zaidi. Programu inajengeka bila kosa lolote na inafunguka vizuri, lakini inaposoma faili ya zamani inaanza rekodi ya pili mahali pasipo pake. Sukari inabeba bei ya sabuni, na idadi ya stoo inakuwa namba za ajabu. Wapo wanaoishia hapo, wakiamini zana za bure hazifai.

Dawa ni kuiambia kompaila lahaja unayotaka: `fbc -lang qb duka.bas`. Kwa amri hiyo FreeBASIC huirudisha INTEGER kwenye baiti 2. QB64 haihitaji kuambiwa, kwa kuwa INTEGER yake ni baiti 2 tangu mwanzo. Kwa hiyo anayetaka programu yake ya zamani irudi kazini haraka aanze na QB64. Anayetaka kuiendeleza kwa miaka, kuiunganisha na maktaba za C na kuandika sehemu mpya, FreeBASIC itamfaa zaidi.

Visual Basic: hapa pana pengo

Visual Basic 6, ya mwaka 1998, ilikuwa zana ya kulipia iliyoenea mno. Wengi waliosoma Computer Studies katika sekondari za Kenya walikutana na Visual Basic walipotengeneza mradi wao wa KCSE: unachora fomu, unaweka vitufe, unaandika kitakachotokea kitufe kikibonyezwa. Microsoft ilikoma kuihudumia zana hiyo ya utengenezaji mwaka 2008, ingawa programu zilizokwisha kutengenezwa kwa VB6 bado zinafanya kazi kwenye Windows ya leo. Aliye na programu inayokwenda asikimbizwe na mtu; ana muda wa kupanga.

Sitamdanganya msomaji: hakuna zana huria inayoufungua mradi wowote wa VB6, na fomu zake na vipande vyake vya kununua, ukaendelea kama ilivyokuwa. Iliyo karibu zaidi ni twinBASIC, inayojengwa mahususi kufuata VB6, nayo ina toleo la bure lenye mipaka. Lakini ni mali ya aliyeitengeneza, si huria. Njia nyingine mbili zinadai kuandika upya sehemu ya kazi.

Njia moja ni VB.NET. Kompaila yake ni ya bure na ni huria, na programu zisizo na fomu hujengwa hata kwenye Linux. Visual Studio Community nayo hailipiwi kwa mtu binafsi, darasa, au kampuni ndogo isiyozidi watumiaji 5. Kampuni kubwa zina masharti mengine, hivyo soma leseni kabla ya kuisakinisha ofisi nzima. Kumbuka pia kwamba Integer ya VB6 ina biti 16 na ya VB.NET ina 32, na kwamba mwaka 2020 Microsoft ilitangaza kuwa haitaikuza tena lugha hiyo kwa mambo mapya. Itatunzwa, lakini haitakua.

Njia ya pili ni Gambas, iliyoanzishwa na Mfaransa Benoît Minisini. Aliyezoea VB6 atajiona yuko nyumbani: fomu ipo, vitufe vipo, na inaunganishwa na hifadhidata za SQLite, MySQL na PostgreSQL. Haisomi miradi ya VB6, na makazi yake ni Linux. Kwa shule yenye kompyuta kuukuu zinazoweza kubeba Linux lakini haziwezi kubeba Windows mpya, ni chaguo zuri sana.

Wenye makro za Excel wana LibreOffice. Lugha yake ya ndani ni BASIC, na ukiandika `Option VBASupport 1` juu ya moduli itakubali sehemu ya amri za VBA, lugha ya makro za Excel. Makro za hesabu rahisi hupita; zenye fomu nyingi husumbua.

Kwa mtoto anayeanza, Small Basic ya Microsoft ina maneno maalumu 14 tu na haimtishi. Mwenye simu tu anaweza kutumia BBC BASIC for SDL 2.0, ambayo ni huria na inafanya kazi kwenye Android.

Nani ataiendeleza?

Sasa swali la pili. Kutolipa na kuwa huria ni mambo mawili. Zana inaweza kupakuliwa bure leo, na kesho mwenyewe akaiondoa au akaiwekea bei, nawe huna la kufanya. Zana huria inakuja na msimbo wake asilia na leseni inayokuruhusu kuutumia, kuubadilisha na kuugawa.

Tofauti hiyo inaonekana wazi ukiweka mikasa miwili bega kwa bega. Bob Zale ndiye aliyeitunga kompaila ambayo Borland iliitoa mwaka 1987 kwa jina la Turbo Basic, na baadaye akaiendeleza mwenyewe kama PowerBASIC. Ilisifiwa kwa kasi yake. Zale alifariki mwaka 2012, na mwaka 2017 haki za zana hiyo zikauzwa kwa kampuni nyingine. Waliojenga riziki zao juu yake walibaki wakingoja uamuzi wa wengine, kwa kuwa msimbo wa kompaila haukuwa mikononi mwao.

QB64 nayo ilipata mtikisiko wake mwaka 2022, kikundi kilichokuwa kikiiendeleza kiliposambaratika. Lakini msimbo ulikuwa wazi. Watumiaji waliuchukua, wakaupa jina la Phoenix Edition, na matoleo mapya yakaendelea kutoka. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa wala kununua haki.

Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi wasomaji waachane na kopi za VB6 zilizovunjwa kinga, zinazopitishwa kwa flashi. Zinakiuka haki ya mwenyewe, mara nyingi zimebeba virusi, na hata zikiwa safi zinakurudisha kwenye zana iliyokufa ambayo huna uwezo wa kuirekebisha.

Ukishachagua, usihamie kwa siku moja. Nakili faili za data, zilishe programu mpya, na uendeshe hesabu za mwezi uliopita kwenye ya zamani, hata ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, na kwenye mpya. Linganisha jumla kwa jumla, na upige mahesabu yenye namba kubwa kupita 32,767. Zikilingana, weka pamoja kwenye diski ya nje vitu vitatu: msimbo wako kama maandishi ya kawaida, kisakinishi cha kompaila, na msimbo asilia wa kompaila yenyewe. Ofisi yenye vitu hivyo inaweza kuijenga upya programu yake kwenye kompyuta yoyote ijayo, hata kama mtengenezaji wake amefunga mlango.