Kompyuta Mpya Nyumbani: Kuiunganisha na Intaneti Bila Kupoteza Kifurushi

Kompyuta mpakato inapotolewa kwenye boksi haina intaneti ndani yake, hata kama kibandiko kilicho juu yake kinasema ina Wi-Fi. Kutolitambua jambo hili ndiko chanzo cha usumbufu unaowapata wengi wanaonunua kompyuta kwa mara ya kwanza. Wi-Fi ni njia ya mawimbi tu, inayoiunganisha kompyuta na kifaa kingine kilicho karibu, kama vile simu au ruta. Intaneti yenyewe ni huduma inayouzwa na kampuni ya simu, nayo huingia nyumbani kupitia kifaa hicho. Njia inaweza kuwa nzima ilhali huduma imekwisha. Ndiyo maana kompyuta huweza kuonyesha kwamba imeunganishwa, na huku hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka.

Kwa mkazi wa Kata ya Kagongwa, tofauti hiyo ina gharama. Maombi ya leseni ya biashara na malipo ya tozo za halmashauri sasa hufanyika kupitia mfumo wa TAUSI, ulio chini ya Ofisi ya Rais TAMISEMI. Zabuni za taasisi za umma hutangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa ajili ya vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, lakini kikundi hakiwezi kuipata fursa hiyo kwa kupeleka bahasha ofisini. Mfumo hufunga dirisha la zabuni wenyewe, kwa dakika iliyopangwa, wala hakuna mtumishi wa kuombwa alifungue tena. Hivyo kikundi kilichokesha kikiandaa nyaraka kinaweza kukosa kazi kwa sababu tu kifurushi kiliisha muda mfupi kabla ya kuziwasilisha. Hapo pia kuna mtego wa saa: mfumo ukiandika 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi, si saa kumi.

Ni haki kusema pia kwamba si kila mtu anahitaji kompyuta. Mwenye duka au genge anayetaka kuhuisha leseni peke yake anaweza kuifanya kazi hiyo kwa simu janja. Kompyuta humfaa zaidi mwenye nyaraka nyingi za kuandika, kuchapa na kupakia, kama vile mwombaji zabuni, mwanafunzi wa chuo, au mmiliki wa mashine ya kukoboa mpunga anayetunza hesabu za magunia.

Aliyekwisha kununua kompyuta ana njia kuu mbili za kuipatia intaneti nyumbani. Ya kwanza ni simu yake mwenyewe. Katika mipangilio ya simu upo uwezo uitwao hotspoti, unaoifanya simu igawe kifurushi chake kwa vifaa vilivyo karibu. Ikiwashwa, simu huonyesha jina la mtandao na nywila yake. Kisha mtumiaji huenda kwenye kompyuta, pembeni mwa kioo upande wa chini kulia, na kubonyeza alama ya mawimbi yenye umbo la upepeo. Majina ya mitandao iliyo karibu hujipanga hapo. Huchagua jina la simu yake na kuandika nywila kama ilivyo, kwa kuzingatia herufi kubwa na ndogo, kwani herufi moja ikikosewa kompyuta itakataa. Kompyuta za zamani zilizokwisha kutumika zinaweza zisilione jina la simu kabisa kwa sababu hazipokei masafa ya gigahezi 5; dawa yake ni kubadili masafa ya hotspoti kwenye simu yawe gigahezi 2.4.

Wengi hawajui kwamba waya wa kuchajia simu nao unaweza kuifanya kazi hiyo hiyo. Simu ikichomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na uwezo wa kugawa intaneti kwa waya ukawashwa, kompyuta hupata huduma bila Wi-Fi, na simu nayo hupata chaji. Sharti waya uwe na uwezo wa kusafirisha taarifa, maana baadhi ya nyaya za bei rahisi hupitisha umeme tu.

Njia ya pili ni ruta yenye laini yake. Hii huifaa nyumba au ofisi yenye watumiaji kadhaa, kwani simu haichoshwi wala huduma haikatiki mwenye simu anapoondoka kwenda sokoni. Jina na nywila ya mwanzo huwa kwenye kibandiko kilicho chini au nyuma ya ruta. Mahali pa kuiweka ni suala la kuzingatia: bati na nondo huzuia mawimbi, na tofali nene huyapunguza nguvu. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati au nyuma ya friji haitafanya kazi sawa na iliyowekwa juu, karibu na dirisha. Ni vyema kuijaribu katika pembe mbili tatu za nyumba kabla ya kuilaumu kampuni. Ruta nyingi huzimika umeme unapokatika, isipokuwa zenye betri, na mwenye kazi ya kuwasilisha kwa muda maalumu anapaswa kulifikiria hilo wakati wa kununua.

Baada ya kuunganishwa, wengi huona kazi imekwisha, kumbe hapo ndipo kifurushi huanza kuyeyuka. Simu huzoeshwa kutumia intaneti kwa kiasi. Kompyuta hutengenezwa kwa dhana kwamba intaneti haina kikomo. Mara inapoona mtandao, hutafuta masasisho yake na kuyapakua kimyakimya bila kumuuliza mwenyewe. Kwa kompyuta zinazotumia Windows, masasisho ya usalama hutolewa Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa za Tanzania ni usiku. Sasisho moja huweza kufikia mamia ya megabaiti, na toleo jipya la mfumo huvuka gigabaiti moja kwa mbali. Kompyuta iliyokaa miezi dukani ina deni la masasisho yote ya miezi hiyo. Mtu aliyenunua kifurushi cha gigabaiti moja ili aombe leseni anaweza kukikuta kimekwisha kabla hajajaza ukurasa wa kwanza, akadhani ameibiwa na kampuni ya simu.

Kinga yake ipo ndani ya kompyuta yenyewe. Mtumiaji afungue mipangilio, yenye alama ya gurudumu la meno, aingie sehemu ya mtandao, abonyeze sifa za mtandao alioungana nao, kisha awashe kitufe palipoandikwa Metered connection. Kwa kufanya hivyo anaiarifu kompyuta kwamba intaneti hii hupimwa na kulipiwa, nayo huahirisha sehemu kubwa ya upakuaji. Mpangilio huu hushika kwa mtandao mmoja mmoja. Akibadili simu au jina la hotspoti, ni lazima auwashe upya. Hata hivyo masasisho ya usalama hayafai kuahirishwa daima, kwa kuwa ndiyo huziba mianya wanayoitumia wahalifu. Wakati mzuri wa kuyaruhusu ni pale mtumiaji anapokuwa na kifurushi kikubwa au cha usiku.

Siku ya kwanza ina ugumu wake. Windows 11, hasa toleo la nyumbani, hudai intaneti na akaunti wakati wa kuwashwa kwa mara ya kwanza, kabla ya mnunuzi kupata nafasi ya kuzuia upakuaji. Mnunuzi anaweza kumwomba muuzaji ahatua hiyo ikamilishwe dukani, kwa intaneti ya dukani, lakini kwa barua pepe na nywila ya mnunuzi mwenyewe. Kompyuta iliyofunguliwa kwa akaunti ya muuzaji humrudia muuzaji kila inapohitaji uthibitisho, na siku mwenyewe akisahau nywila atajikuta amefungiwa nje ya mali yake.

Kurasa zikikataa kufunguka, uchunguzi uanzie kwenye simu au ruta, si kwenye kompyuta. Ikiwa simu yenyewe haifungui ukurasa, tatizo ni kifurushi au mtandao wa kampuni. Kifurushi nacho kichunguzwe aina yake, maana kile cha mitandao ya kijamii hufungua WhatsApp na kuukataa mfumo wa TAUSI. Ikiwa simu inafungua na kompyuta haifungui, tarehe ya kompyuta ikaguliwe: kompyuta yenye tarehe isiyo sahihi huziona tovuti salama kuwa za hatari na kuzikataa. Majira ya Tanzania katika orodha ya Windows hupatikana chini ya jina la Nairobi. Vyote vikiwa sawa, kuzima na kuwasha upya simu na kompyuta hutatua zaidi ya inavyodhaniwa.

Lipo pia tatizo ambalo hakuna mkazi anayeweza kulitatua. Intaneti inayofika kata hii hupita katika minara na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na sehemu kubwa yake huingia nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari, zikiwamo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na huduma ikadorora nchini kote pamoja na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo kubadili nywila au kununua kifurushi kipya ni kupoteza fedha. Anayewasilisha zabuni siku mbili kabla ya mwisho ana nafasi ya kusubiri. Anayengoja saa ya mwisho hana.

Suala la usalama linahitaji maneno machache. Nywila ya kwenye kibandiko cha ruta ibadilishwe, na isigawiwe kwa kila mteja anayeingia dukani. Laini iliyo ndani ya ruta iwe imesajiliwa kwa alama za vidole vya mwenyewe. Kwa kubonyeza *106# mtu huweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tovuti za Serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na malipo yake hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, si kwa kutuma fedha kwenye namba ya simu ya mtu. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa kuupeleka kwenda namba 15040.

Malalamiko kuhusu kifurushi au kasi ya mtandao hupelekwa kwanza kwa kampuni husika, na yasipopata ufumbuzi hufikishwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kwa maombi ya leseni yaliyokwama ndani ya TAUSI, mwombaji aende Divisheni ya Viwanda, Biashara na Uwekezaji ya Manispaa ya Kahama akiwa na namba ya ombi lake na namba ya utambulisho wa mlipakodi. Nywila yake aibakize kwake, kwa kuwa mtumishi haihitaji ili kumhudumia.