Gesi Isiyonusika Inayotoka Chini ya Nyumba

Mwezi Desemba 1984, huko Pennsylvania nchini Marekani, mhandisi mmoja aitwaye Stanley Watras alikuwa akifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, kilichokuwa bado kinajengwa. Kila alipopita kwenye mashine za kupima mionzi, mashine zililia. Siku moja akapita asubuhi, akiingia, kabla hajagusa kazi yoyote. Zikalia vilevile. Ikawa wazi kwamba mionzi ile haikutoka kazini. Aliitoa nyumbani kwake.

Nyumba yake ilipopimwa, ilikutwa na gesi ya radoni kiasi cha pikokuri 2,700 hivi katika kila lita ya hewa. Serikali ya Marekani huwataka wenye nyumba wafanye matengenezo ikifika pikokuri 4 tu. Familia ilihama, ikarudi baada ya nyumba kutengenezwa.

Radoni ni nini basi? Katika udongo na miamba mna urani, mahali pengine kidogo, pengine nyingi. Urani huoza polepole mno na kuwa radiamu, nayo radiamu hutoa radoni. Haina rangi, harufu wala ladha. Ikitokea uwanjani hupeperuka na kwisha nguvu. Ikitokea chini ya nyumba hupenya kwenye nyufa za sakafu na kando ya mabomba. Wakati wa baridi watu wa huko hufunga madirisha na kuwasha moto. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na nyumba hufyonza hewa nyingine kutoka ardhini. Nyumba nyingi za vitongojini zina chumba cha chini ya ardhi, na humo ndimo watoto huchezea. Ndugu zetu wanaohamia huko nao hupanga vyumba hivyo kwa kuwa kodi yake ni nafuu.

Tukiivuta radoni, chembe zitokanazo nayo hunasa mapafuni na kuyachoma kwa mionzi mwaka hadi mwaka. Mwisho wake waweza kuwa kansa ya mapafu. Idara ya mazingira ya Marekani inakadiria kwamba radoni huua watu 21,000 hivi nchini humo kila mwaka. Mvutaji wa sigara yumo katika hatari kubwa zaidi, lakini hata asiyevuta hayuko salama.

Kuipima si kazi ngumu. Hununuliwa kikopo chenye mkaa maalumu unaonasa gesi hiyo. Saa 12 kabla ya kuanza, madirisha na milango ya nje hufungwa, isipokuwa kwa kupita. Kikopo huwekwa katika chumba cha chini kabisa kinachokaliwa na watu, nusu mita hivi juu ya sakafu, mbali na jiko, bafu na upepo. Baada ya siku mbili au zaidi, kwa kadiri ya maelezo yake, hufungwa na kupelekwa maabara mara moja, maana radoni hupungua nusu kila baada ya siku nne hivi. Vipo pia vipimo vya miezi mitatu na zaidi, na hivyo ndivyo vinavyoonyesha vizuri hali ya mwaka mzima. Usitegemee kipimo cha jirani: nyumba mbili za ukuta kwa ukuta zaweza kutofautiana sana.

Ikikutwa nyingi, kuziba nyufa peke yake hakutoshi. Fundi hutoboa sakafu, hupitisha bomba hadi juu ya paa, na kulifunga feni inayovuta gesi kutoka chini ya saruji mchana na usiku.

Na sisi huku, mtauliza? Radoni hutoka ardhini kila nchi, ila nyumba ambayo madirisha yake hushinda wazi huitoa nje. Wa kuuliza zaidi ni yule anayelala katika chumba cha chini kisichopitisha hewa, au aliye na ndugu ng'ambo anayelala humo. Katika barua yako ijayo muulize kama nyumba yake imepimwa, na lini.