Je, Wajua? Santuri za Siti Zilitoka Bombay

Marafiki wanaotegana mafumbo ya muziki wa kale wajaribu hili: mwimbaji gani wa taarabu wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili? Siti binti Saad. Wabishi watasema taarabu ni ya Waarabu, kwani inasimuliwa kuwa Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ala yenye nyuzi zaidi ya 70. Ni kweli nusu tu. Ala zilitoka ng'ambo, na nyimbo za mwanzo ziliimbwa kwa Kiarabu, lakini mafumbo na vijembe (utamu wenyewe huo!) ni vya pwani hii. Na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianza Zanzibar mwaka 1905. Ewe msomaji, mtege jirani yako.