Mtafiti, Unamwandikia Nani?

Mwanafunzi wa uzamivu katika sayansi huandika kwa miaka mitatu, minne au zaidi kwa ajili ya watu wachache mno: wasimamizi wake, watahini, na wahakiki wawili au watatu wa jarida ambao huenda asijue hata majina yao. Wote ni watu wa fani yake, na wote wana wajibu wa kusoma mpaka mwisho hata pale sentensi inapowachosha. Akishahitimu hukutana na wasomaji wasio na wajibu huo: ofisa wa wizara mwenye rundo la mafaili mezani, mwandishi wa habari anayesubiriwa na mhariri, bwana shamba, mkulima. Hapo ndipo elimu tuliyompa inapopwaya.

Nafundisha uandishi kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba kila msomaji mpya anahitaji andiko jipya. Kuichukua ikisiri ya tasnifu na kuondoa istilahi ngumu hakutoshi. Mwandishi aanze na swali: msomaji huyu ana uamuzi gani wa kufanya, na anahitaji kujua nini ili aufanye?

Tuchukue sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, mada inayotafitiwa sana katika vyuo vyetu, na kwa sababu nzuri. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Mwaka 2016 ikaua watu wapatao 20 katika mikoa ya kati ya Tanzania, ikiwemo Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa mkemia, namba hiyo inajitosheleza. Mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Kibaigwa hapati kitu mpaka aambiwe kwamba ni sawa na gramu moja ya sumu iliyosambaa katika magunia 1,000 ya kilo mia. Akishaambiwa hivyo, ataelewa mwenyewe kwa nini sumu haionekani kwa macho, na kwa nini gunia linaloonekana safi nalo linahitaji kupimwa.

Sasa tazama sentensi ya aina inayojaa kwenye tasnifu: “Ukaushaji wa mahindi juu ya turubai ulionekana kuwa na uhusiano hasi wenye umuhimu wa kitakwimu na kiwango cha sumukuvu.” Mtahini ataipitisha bila taabu. Mwanafunzi akiambiwa aiandike kwa mkulima, mara nyingi huleta kitu kama hiki: “Sumukuvu ni hatari kwa afya. Wakulima wanashauriwa kukausha mahindi vizuri.” Maneno ni mepesi kweli, lakini hayamsaidii mtu. Vizuri ni vipi? Mkulima anataka kuambiwa aanike juu ya turubai na asiyamwage kwenye udongo, ayaanue jua likizama au mvua ikitishia, na atajuaje kwamba yamekauka vya kutosha kuingia ghalani. Anataka kujua pia afanye nini na yale yaliyokwisha kuota ukungu.

Swali hilo la mwisho huwa mtihani mkubwa. Jibu linalokuja haraka ni kwamba mifugo ilishwe mahindi hayo. Lakini ng’ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu ya sumu hugeuka ikatokea kwenye maziwa, na maziwa hayo yatanywewa na mtoto yuleyule tuliyetaka kumkinga na ugali. Wengine huandika kwamba yapikwe sana, ilhali moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Kuchambua punje mbovu na kukoboa hupunguza sehemu kubwa, ingawa hakuondoi yote. Mwanafunzi anaweza kuandika tasnifu nzima bila kugusa maswali haya, kwa kuwa hakuna mtahini aliyemuuliza. Anapomwandikia mkulima hana pa kujificha, na mara nyingi hurudi kwenye vitabu, pengine hata maabara. Ndiyo maana siamini kwamba uandishi wa namna hii unamwondoa mwanafunzi kwenye sayansi yake. Unamrudisha humo kwa mlango mwingine.

Kwa mwandishi wa habari hatari iko kwenye namba. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Wanawake wengi walishtuka, wakaacha vidonge. Kumbe utafiti ulikuwa umeonyesha ongezeko kutoka mwanamke mmoja katika 7,000 hadi wawili katika 7,000. Inakadiriwa kwamba mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa takriban 13,000 katika England na Wales, na mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Hakuna aliyesema uongo. “Maradufu” lilikuwa sahihi, ila liliachwa peke yake bila idadi ya watu. Mwanafunzi wa tiba au takwimu asihitimu kabla hajazoea kuandika “wawili katika 7,000” kila anapotaka kuandika “asilimia 100 zaidi”.

Upo pia ufundi wa sentensi, nao unafundishika. George Gopen na Judith Swan, katika makala yao ya mwaka 1990 kwenye jarida la American Scientist, walieleza kwamba msomaji hutarajia mwanzo wa sentensi umpe jambo analolijua na mwisho umpe jipya, na kwamba kitenzi kisitupwe mbali na kiima chake. Kwa Kiswahili kosa la kutenganisha kiima na kitenzi huonekana wazi kabisa: “Kiwango cha sumukuvu katika sampuli za mahindi yaliyokusanywa kutoka kaya zilizohifadhi nafaka katika magunia ya kawaida kwa zaidi ya miezi mitatu kilikuwa juu.” Tukifika “kilikuwa” tumeshasahau ni nini kilichokuwa juu. Iandikwe: “Baadhi ya kaya zilihifadhi mahindi katika magunia ya kawaida kwa zaidi ya miezi mitatu. Sampuli za mahindi ya kaya hizo zilikuwa na kiwango cha juu cha sumukuvu.” Sayansi haikupungua hata chembe.

Vyuo vingi duniani vimeiga shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu, lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Ni zoezi zuri la kuthubutu na kuchagua. Hata hivyo ni la kusema, na wanaosikiliza ukumbini kwa kawaida ni wanachuo. Darasani zoezi ninaloliamini zaidi ni la kumleta msomaji mwenyewe: bwana shamba au muuguzi anasoma ukurasa kwa sauti, mwandishi amekaa kimya haruhusiwi kufafanua. Pale msomaji anapokwama au kurudia mstari, mwandishi anaweka alama, kisha anaandika upya. Semina ya siku moja baada ya tasnifu kukabidhiwa haiwezi kufanya kazi hiyo. Ianze mwaka wa kwanza na iwe na alama, kwa sababu mwanafunzi aliyebanwa na muda hufanya kile kinachohesabiwa.

Na tusisahau deni. Sampuli za mahindi tunazozitafiti hutoka kwenye maghala ya watu waliojibu dodoso kwa Kiswahili, wakaacha kazi zao kumhudumia mtafiti. Matokeo yakishafungwa kwenye tasnifu ya Kiingereza, wengi wao hawayaoni tena.

Msimamizi unayesoma makala hii, mwanafunzi wako akikuletea sura ya matokeo, muulize ni nani nje ya chuo anayeyahitaji. Kisha mtake akuletee ukurasa mmoja alioandikiwa mtu huyo, na usome ukurasa huo kabla hujatia saini sura yenyewe.